Mchonga Kalamu Asiyeuliza

Wamesimulia waliotutangulia, nasi tunayapokea kwao kwa adabu kama yalivyotufikia, kwamba katika mji wa Wasit, ulioitwa hivyo, yaani mji wa katikati, kwa kuwa ulikuwa kati ya Kufa na Basra, palikuwa na soko la wachonga kalamu. Matete yalikatwa katika mabwawa ya kusini, yakakaushwa, yakachongwa hapo sokoni, na wanavyuoni wa miji ya mbali wakayaagiza. Katika soko hilo walikuwako mafundi wawili ambao vibanda vyao vilielekeana, njia nyembamba ikiwa katikati.

Wa kwanza ni Huzaima bin Dausi, ambaye watu walimwita Abu Lubaba kwa jina la bintiye mkubwa. Baadhi ya wasimulizi wamemwita Huzaima bin Ausi. Hilo si sahihi, kwa kuwa Ausi alikuwa ami yake, naye hakuwa mchonga kalamu bali muuza ngozi. Wa pili ni Sureiji bin Ataa, aliyehamia Wasit kutoka Maisan akiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Huzaima alikuwa mcha Mungu. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, hakuapa sokoni, na hakuna aliyewahi kumsikia akiisifia bidhaa yake. Kazi aliirithi kwa baba yake, Dausi, pamoja na kipimo chake: tete lililonyooka, lililokatwa baina ya fundo na fundo ili kalamu isiwe na kovu lolote, na ncha yenye mshazari mmoja usiobadilika. Ukizipanga kalamu zake juu ya kitambaa, hungeweza kuitenga hii na ile. Mnunuzi alifika, akasalimu, akachagua, akalipa, akaenda zake. Kibanda chake hakikuwa na pa kukaa mgeni. Alikuwa akisema, "Penye kiti pana maneno, na penye maneno mengi hapakosi kusengenya."

Sureiji alikuwa na desturi nyingine. Mbele ya kibanda chake alitandika mkeka na kuweka mto. Mtu akija kununua humkaribisha kwanza akae, humpa maji, kisha huanza kumwuliza. Unaandika nini zaidi, hati za kadhi au barua? Unakaa chini au una meza? Nani alikufundisha kushika kalamu? Na mgongo wako, bado unauma? Mazungumzo yakirefuka huwa amekwisha kuchukua kisu, na mtu huondoka na kalamu iliyochongwa huku akizungumza. Kalamu zile hazikufanana. Nyingine zilikuwa nene, nyingine fupi, nyingine zimeachwa na fundo la tete kiunoni, jambo ambalo fundi yeyote wa Wasit angelihesabu kuwa ni uvivu.

Bei zao zilikuwa sawa. Lakini mkeka wa Sureiji haukuwa mtupu, na njia iliyo mbele ya Huzaima ilikuwa ya kupita tu.

Husuda haikumwingia Huzaima kwa mlango mkubwa. Mwanzo alijiambia kuwa anasikitika tu kuona watu hawajui kazi nzuri. Kisha akaanza kuyajua majina ya wanaokaa ule mkeka, na muda wanaokaa. Akawa akichonga huku sikio lake liko ng'ambo ya njia, na kicheko kikitoka huko kisu humteleza. Mtu akisema, "Mungu ambariki Sureiji," yeye huitikia amina, na ulimi wake ukawa mkavu. Msikitini, akimwona Sureiji katika safu ya mbele, alijikuta akiichunguza rukuu ya jirani yake badala ya kuikamilisha yake. Palikuwa na paka wa sokoni, wa rangi ya majivu, aliyependa kulala kwenye mto wa Sureiji wakati hauna mgeni. Huzaima alimwonea wivu hata paka, yaani alichukia kwamba kati ya vibanda vyote paka naye amechagua kile.

Siku moja mkewe, Bibi Rukaika binti Numeri, alimletea chakula akamkuta ametazama ng'ambo, tete likiwa mkononi halijakatwa.

"Abu Lubaba, kimekusibu nini?"

"Namtazama yule mwenye kuuza maneno. Kalamu anawapa kama kichembe cha nyongeza."

"Na wewe huwapi kichembe?"

"Mimi nawapa kalamu."

Bibi Rukaika akaweka chakula chini. "Mume wangu, mimi nimekaa nawe tangu ujana wetu na najua wema wako. Mtu asiyekaa nawe ataujulia wapi? Waulize hali zao. Kuuliza hali hakufungi mlango wa pepo."

Maneno hayo yalimkaa. Kesho yake akaazimia kufanya kama Sureiji afanyavyo. Akafika mwalimu wa watoto, mtu mpole aitwaye Waddahi bin Shuraiki, akanyoosha mkono kuchagua kalamu. Huzaima akajilazimisha kutabasamu.

"Karibu, Maalimu. Hujambo? Watoto hawajambo? Na mama yako mzazi, hajambo?"

Mwalimu Waddahi akaurudisha mkono wake.

"Mama yangu nilimzika Ijumaa, Abu Lubaba. Nawe ulikuwapo kwenye jeneza, safu ya pili. Nilikuona."

Huzaima akakumbuka. Ni kweli alikuwapo. Aliswali, akatoa mkono wa pole, akaondoka, wala hakuuliza aliyelala pale ni nani. Mwalimu alimwombea heri kwa sauti ndogo, kisha akavuka njia. Sureiji alisimama kumpokea, wakakaa pamoja bila kusema kitu kwa muda, na maji yakaletwa. Huzaima aliyaona hayo yote. Badala ya kujilaumu, alimchukia zaidi jirani yake, kwa kuwa kile kilichomshinda yeye kwa juhudi, mwenzake alikipata kwa kunyamaza tu.

Wakati huo palikuwa Wasit na mzee aliyeheshimiwa kwa hati zake, Sheikh Mikdamu bin Lahiki. Misahafu aliyoiandika ilisomwa Kufa na Basra. Watu wa msikiti mkuu walimwomba awaandikie msahafu mpya kwa ajili ya mihrabu, kwa kuwa ule wa zamani uliharibiwa na maji ya mafuriko. Naye alikubali, akijua kuwa huenda ukawa wa mwisho katika umri wake. Hapakuwa na mchonga kalamu katika mji ule asiyetamani kalamu zake ziandike msahafu huo. Huzaima aliitamani heshima hiyo kuliko chakula. Aliiomba katika sijida zake, akisema, "Ya Rabi, mimi sikutafuta umaarufu, lakini hili nipe." Sheikh Mikdamu akaja sokoni akiwa na bakora yake, akapita mbele ya kibanda cha Huzaima, akasalimu, akasimama kidogo kama mwenye kukumbuka jambo, kisha akavuka njia akakaa kwenye mkeka wa Sureiji.

Alikaa mpaka adhana ya adhuhuri. Huzaima hakusikia walilokuwa wakizungumza, kwa sababu walizungumza kwa sauti ya chini. Siku ile hakula.

Haukupita muda mrefu, Sureiji akapata habari kutoka Maisan kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Akafunga safari siku ile ile. Kabla ya kuondoka alivuka njia akiwa na kikapu kilichofunikwa kitambaa.

"Ndugu yangu Abu Lubaba, mimi naondoka na sijui nitarudi lini. Hizi ni kalamu za Sheikh Mikdamu. Nimezimaliza jana. Nakuwekea ziwe amana. Akija mpe mkononi mwake, usimpe mtu mwingine."

"Kwa nini usimwachie jirani yako wa kulia? Ni rafiki yako."

"Yeye ni rafiki yangu," akasema Sureiji, "lakini ni msahaulifu. Wewe hujapata kuvunja ahadi tangu nilipokujua."

Sifa ile ilimchoma kuliko tusi. Akakipokea kikapu, akasema inshallah, na Sureiji akaenda.

Kikapu kikakaa pembeni. Huzaima hakuwa mwizi, na wazo la kuzificha kalamu zile au kuzitupa halikuthubutu kumkaribia. Shetani anamjua kila mtu kwa mlango wake. Mwenye tamaa humjia kwa tamaa, na mcha Mungu humjia amevaa kilemba. Baada ya alasiri Huzaima alifunua kitambaa, akajiambia kuwa anataka tu kuhakikisha hazijaliwa na wadudu. Akaziona. Zilikuwa nene kupita kiasi, na kila moja ilikuwa na fundo la tete mahali pale pale, karibu na pale vidole vinapokaa. Ncha zilikatwa kwa mshazari mkali ulioelekea upande usio wake. Akachovya moja katika wino, akaandika bismillahi. Herufi zikatoka zimelala kama mlevi.

Moyo wake ukaruka kwa furaha, na furaha ile ilipaswa kumtisha.

Akasema moyoni, "Je, Kitabu cha Mwenyezi Mungu kiandikwe kwa kalamu zenye kilema? Huyu amemlaghai mzee kwa maneno na mto wa kuegemea. Mimi nimewekewa amana, na amana kubwa zaidi ni ile ya Kitabu." Akachukua kisu. Akayanyoa mafundo yote mpaka viuno vya kalamu vikawa laini. Akazipunguza unene. Akazikata ncha upya kwa kipimo cha baba yake, Dausi. Alifanya kazi nzuri kuliko aliyowahi kufanya maishani, na alipozirudisha katika kikapu na kukifunika, alijihisi kama mtu aliyetoa sadaka ya siri.

Sheikh Mikdamu alipokuja, Huzaima alimpa kikapu mkononi, kama alivyoagizwa. Mzee akauliza habari za Sureiji, akamwombea mama yake afya, akaondoka. Hakukifunua pale.

Zikapita siku. Sokoni pakavuma maneno kwamba Sheikh Mikdamu haandiki. Wengine walisema anaumwa. Kisha, baada ya swala ya alasiri, wazee wa msikiti walipokuwa wamekaa karibu na mihrabu, na Huzaima akiwa miongoni mwao, Sheikh aliingia akiwa amebeba karatasi alizopewa za kuandikia msahafu, zimefungwa kama zilivyokuwa. Akaziweka mbele yao.

"Nimekuja kurudisha amana," akasema. "Tafuteni mwandishi mwingine."

Wakamwuliza kulikoni. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa ndani ya mkono wa kanzu yake.

"Nilijaribu siku nyingi, na kila siku nikaharibu. Nilidhani mkono wangu bado una uhai kidogo, kumbe umetangulia kufa kabla yangu. Nilikuwa nikimwomba Mwenyezi Mungu aniachie mpaka nifike mwisho wa Kitabu hiki. Hakupenda. Nimeridhika."

Kisha mmoja wa wazee, aliyeitwa Haji Dirari, akasema, "Bwana Sheikh, huenda kosa si la mkono. Kalamu ulinunua kwa Sureiji, naye uhodari wake uko mdomoni. Mimi tangu zamani nasema, yule anauza mto na maji."

Mwingine akacheka. "Hata paka amemnunua kwa mto."

"Basi Abu Lubaba yupo hapa," akasema Haji Dirari. "Atuchongee yeye. Na Sheikh akichoka, apatikane mwandishi kijana. Wewe Abu Lubaba unasemaje?"

Tazama jinsi lilivyomjia lile alilokuwa akiliomba. Jirani alikuwa mbali na hakuwa na wa kumtetea. Heshima ya msahafu ilikuwa imewekwa mapajani mwake na wazee wa mji, bila yeye kunyoosha mkono. Hakutakiwa kusema uwongo hata mmoja. Alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo iliyokuwa tabia yake, hakuna ambaye angeshangaa.

Akamtazama Sheikh Mikdamu. Mzee alikuwa akiziangalia zile karatasi kama mtu anavyoangalia kaburi lililofukiwa sasa hivi. Yeye hakuwa akimlaumu Sureiji, wala kalamu. Alikuwa ameamini kwamba mkono wake umekufa, na angekufa akiamini hivyo.

Huzaima akasema, na sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake, "Bwana Sheikh, mkono wako haukufa."

"Umejuaje, ewe Abu Lubaba?"

"Kalamu ulizopewa si alizochonga Sureiji. Aliniwekea amana. Nikazichonga upya."

Wazee wakageuka. Haji Dirari akasema, "Alikuagiza?"

"Hakuniagiza."

Sheikh akainua kichwa. Hakukasirika, au kama alikasirika hasira yake haikufika usoni.

"Ulizichonga kwa ajili ya nani?"

"Nilijiambia ni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

"Na leo?"

Huzaima akainama. "Leo najua. Ni kwa sababu ya Sureiji. Nimemhusudu tangu alipotandika mkeka wake. Nilizikuta kalamu zina mafundo, nikafurahi. Laiti ingekuwa ni kwa ajili ya Mungu, ningehuzunika."

Haji Dirari aliyekuwa akimpa heshima sasa hivi alijisogeza kidogo, kama mtu anayeepa maji machafu. Huzaima aliona, na akaona kwamba inamstahili.

Sheikh Mikdamu akashika bakora yake, akasimama. "Karatasi hizi ziacheni hapo hapo," akawaambia wazee. "Na wewe, chukua kisu chako na matete, uje nyumbani kwangu."

Walipofika, Sheikh alifunga mlango, akakaa, akamwonyesha Huzaima mahali pa kukaa karibu naye. Huzaima akashika tete na kisu. Akataka kukata, kisu kikasita. Hakujua fundo liwe wapi, wala mshazari uelekee wapi, wala kwa nini. Alikuwa amechonga kalamu maisha yake yote, na hili lilikuwa jambo ambalo baba yake hakumfundisha.

"Bwana Sheikh," akasema, "niruhusu nikuulize."

"Uliza."

"Kalamu unaishikaje?"

Mzee akautoa mkono wa kulia kutoka ndani ya kanzu. Kidole gumba kilikuwa kimekakamaa, kimelala kwenye kiganja kama mtu aliyelala asiamke. Ubaridi wa miaka mingi ya kuandika kabla ya alfajiri ulikuwa umekikausha kiungo chake. Akalichukua tete kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, mkono ukiwa umegeuka upande, naye Huzaima akaelewa kila kitu kwa mara moja. Akaelewa kwa nini unene, kwa nini ule mshazari wa kinyume, na kwa nini fundo: vidole viwili visivyoweza kubana vilihitaji mahali pa kukwama.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mwenyezi Mungu, na Sureiji. Nilipokaa kwake alinipa kikombe cha maji, nikakipokea kwa mikono miwili. Aliuona mkono wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama unaniuma asubuhi au jioni. Hakuniuliza jingine, wala hakuniambia atazichongaje kalamu zangu. Wala hakumwambia mtu, maana mwandishi akijulikana kuwa mkono wake umelemaa, watu huanza kumhurumia, na huruma yao humtangulia mlangoni."

Huzaima akainamisha kichwa.

"Nitakuambia jambo ewe Huzaima bin Dausi," akasema Sheikh, akimwita kwa jina lake na la baba yake. "Wewe umesahau, mimi sikusahau. Nilikuwa mnunuzi wako. Kabla yako nilinunua kwa baba yako, Mungu amrehemu. Hakuna mkono Wasit nzima unaochonga kalamu iliyonyooka kama yako. Kidole hiki kilipoanza kukakamaa, nilikuwa nikija kwako nasimama, nageuza kalamu mkononi, narudisha, nachukua nyingine. Nilingoja uniulize, 'Bwana Sheikh, mbona huchagui?' Nami niliona haya kusema mwenyewe. Ulikuwa ukinitazama, kisha ukirudi kwenye kisu chako. Nikahamia ng'ambo ya njia. Hata nilipohama hukuniuliza."

"Nilidhani amekuteka kwa maneno."

"Yeye husema maneno machache kuliko unavyodhani. Wanaosema ni sisi. Wewe ulikuwa mbali, ukasikia sauti zetu ukadhani ni yake."

Basi Huzaima akachonga. Tete la kwanza likaharibika, na yaliyofuata pia. Kila mara aliuliza: Fundo likiwa hapa linakaza? Ukishusha alifu, mkono unauma wapi? Mzee akajibu, na Huzaima akangoja jibu mpaka mwisho kabla ya kukata. Jua lilipokaribia kuchwa, Sheikh alichovya kalamu akaandika bismillahi, na herufi zikasimama. Akaitazama hati yake kwa muda. Machozi yakamtiririka katika ndevu, wala hakuyafuta, kwa kuwa mkono wake ulikuwa na kazi.

Msahafu ule ukaanza kuandikwa.

Habari za kikapu zilienea sokoni kabla ya Sureiji kurudi, na Huzaima alionja siku za kupitwa na watu bila salamu. Alivumilia, akisema, "Hii ndiyo bei yake." Sureiji aliporudi kutoka Maisan, akiwa amekonda na vumbi la njia likiwa bado nguoni, hata hajatandika mkeka, Huzaima alivuka njia. Ilikuwa mara ya kwanza kuivuka. Akasimama mbele yake akamwambia yote, hakupunguza wala hakujitetea.

Sureiji alimsikiliza huku akilikung'uta vumbi lile.

"Ulinyoa mafundo?"

"Niliyanyoa."

"Yote?"

"Yote."

"Unajua ni matete mangapi ya bwawa niliyoyakataa mpaka nikapata yenye fundo mahali pale?"

"Nimeyatafuta mwenyewe. Sasa najua."

Sureiji akautandika mkeka wake kwa pembe zote nne, taratibu, akauweka mto. Hakusema nimekusamehe. Paka wa majivu akatokea kusikojulikana, akalala kwenye mto kama kwamba hakuna aliyesafiri.

"Nami nitakuambia langu, Abu Lubaba," akasema baadaye, bila kumtazama. "Watu hudhani nakaa nao kwa ukarimu. Mwanzo wake ni kwamba mkono wangu haukati tete likanyooka kama lako. Niliziona kalamu zako siku niliyofika Wasit, nikasema, nikiziweka zangu zikabili hizi nitakufa njaa. Ndipo nikaanza kuwauliza watu, labda wako wanaotaka kitu kingine. Nimekuwa nikizitazama kalamu zako kutoka hapa miaka yote hii, na si kwa jicho jema kila siku."

Huzaima hakujua kwamba njia ile nyembamba ilikuwa ikivukwa na jicho kutoka pande zote mbili. Alitaka kurudi kwake. Kisha akaona kwamba mwenzake hajakaa, na kwamba mikono yake inaupanga mto ambao ulikuwa umekwisha kupangwa.

Akakaa yeye kwanza, ukingoni mwa mkeka, akamsogeza paka kidogo.

"Ndugu yangu Sureiji," akasema, "na mama?"

Akanyamaza, akangoja jibu.

Hatukusimuliwa kwamba husuda ilimtoka Huzaima siku ile. Wasimulizi wanasema ilibaki ikimjia kama homa ya vipindi, naye kila ikimjia huvuka njia kwenda kumjulia hali jirani yake. Wanasema pia kwamba alinunua mkeka.

Wapo katika zama zetu wafanyabiashara wanaouliza kama kujuana na mnunuzi kunaongeza mauzo, na wapo wanaowafundisha namna ya kutabasamu. Sisi tunasema: anayeuliza hali ya mtu ili amuuzie, amefanya kama Huzaima siku ile ya Mwalimu Waddahi, na jeneza la mwenzake ataliswalia asijue ni la nani. Anayeuliza kwa kuwa anataka kujua, huyo kisu chake kitaonyeshwa pa kukata. Na Mwenyezi Mungu, aliyeapa kwa kalamu katika Kitabu chake, ndiye anayejua zaidi yaliyomo katika mkono unaoishika.